Hodi ya Upepo wa Jua

Haya niliyasema mjini Arua, Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, mbele ya walimu, wanafunzi na wazee. Tulihamia chini ya mwembe kwa sababu ukumbini joto lilikuwa halivumiliki. Nimeyanyoosha kidogo kwa ajili ya msomaji. Mizaha nimeiacha ilivyokuwa.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za tangu asubuhi. Na ninyi wanafunzi mliokatiziwa mpira ili mje kumsikiliza mzee, poleni sana.

Nilipoalikwa niliambiwa nichague jambo lolote la sayansi, kwa sharti moja tu: Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nikasema nitazungumzia hewa ya juu kabisa kwenye ncha za dunia, na namna watu wanavyojaribu kuitabiri. Mwenyeji wangu akanitazama kama mtu aliyeagiza samaki akaletewa kiatu. "Mwalimu, sisi hapa tuko digrii tatu tu kutoka ikweta. Ya ncha za dunia yanatuhusu nini?" Nimekuja kumjibu. Namwomba tu asiondoke mapema, maana jibu lenyewe linatoka mbali.

Tuanzie jirani. Wangapi kati yenu mlikuwa Pakwach tarehe 3 Novemba 2013? Naona mikono. Basi mnakumbuka: jioni ile, saa kumi na moja na kitu, mwezi ukalifunika jua lote kwa sekunde chache, na wageni waliotoka pande zote za dunia wakapiga mayowe kuliko watoto wetu. Wengi walishangaa giza. Mimi nilitazama ule ukungu mweupe uliolizunguka lile duara jeusi kama manyoya. Ule huitwa korona, na ulikuwa na jina hilo zamani kabla kirusi hakijaliharibu. Joto lake hupita digrii milioni moja, na kwa joto hilo jua haliwezi kuushikilia. Unamwagika kwenda nje, usiku na mchana, kila upande. Huo ndio upepo wa jua. Waliokuwa Pakwach waliona chemchemi yake kwa macho yao wenyewe, ila hakuna aliyewaambia.

Mwaka 1958 Mmarekani Eugene Parker aliandika kwamba upepo huo lazima uwepo. Wataalamu wawili waliopewa kazi yake waikague waliikataa. Mhariri wa jarida akaitazama, hakuona kosa katika hesabu, akaichapisha hivyo hivyo. Miaka minne baadaye chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kiliukuta upepo ukivuma safari nzima. Wanafunzi, hilo mliweke akilini siku mtakapokataliwa kazi yenu na mwalimu. Lakini kwanza hakikisheni hesabu haina kosa.

Upepo huu una mwendo gani? Siku za kawaida ni kilomita 400 kwa sekunde. Basi letu la Kampala huondoka hapa alfajiri, likasimama kwa nyama choma, likasimama tena kwa sababu dereva ana shemeji njiani, likafika jioni. Upepo wa jua ungeikata safari hiyo kwa sekunde moja na ushee. Hata hivyo ni mwembamba mno. Ukichukua kijisanduku cha sentimita moja kila upande, ndani yake utahesabu chembe tano hivi. Ungesimama katikati ya upepo huo, usingepeperusha hata unyoya wa kuku.

Sasa kitu chembamba namna hiyo kinaisumbuaje dunia? Upepo wa jua husafiri na sumaku. Unapotoka kwenye jua hukokota uga wa sumaku kama mtu anayekokota kanga matopeni. Uga huo ni dhaifu: nanotesla tano hivi (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ilhali sumaku ya dunia hapa kwetu ni zaidi ya nanotesla 30,000. Kwa nguvu tu usingefua dafu. Lakini sumaku ina upande, na hapo ndipo ilipo habari yote. Chukueni mshale mkauweka ndani ya upepo uelekee iliko sumaku yake. Upande wa dunia unaotazama jua, mistari ya sumaku yetu huelekea kaskazini. Mshale wa upepo ukielekea kaskazini nao, mistari hiyo hairuhusiani kuungana, na upepo hupita kando kama maji yanavyopita jiwe la mtoni. Ukielekea kusini, mistari iliyopingana hukatika na kuungana upya, ya jua na ya dunia, na njia hufunguka mpaka kwenye ncha. Mwingereza James Dungey ndiye aliyelieleza hilo mwaka 1961.

Kwa hiyo picha yangu ni ya nyumba. Upepo wa jua hupiga hodi kila dakika, na mlango uko kwenye ncha za dunia. Mshale wa kaskazini, mlango umefungwa, ingawa hata ukifungwa kuna upenyo chini yake. Mshale wa kusini, mlango wazi. Mgeni mkali akikuta mlango umefungwa hupita zake. Mgeni mpole akiukuta wazi siku nzima, atamaliza chakula.

Hili nililijua kwa kuaibika. Kuna mwaka niliona kwenye simu kwamba wingu kubwa la chembe na sumaku limeruka kutoka kwenye jua na linakuja kwetu. Nikawatangazia wanafunzi wangu kwa mbwembwe: kesho usiku inakuja dhoruba ya sumaku, leteni redio za masafa mafupi, mtasikia idhaa zikipotea moja baada ya nyingine. Wakaja ishirini na zaidi. Wingu likafika kweli, tena kwa kasi, na wakati wenyewe sikuukosea sana. Lakini mshale ndani yake ulielekea kaskazini usiku kucha. Redio zilisikika vizuri kuliko siku zote. Tulisikiliza taarifa ya habari, tukala mahindi ya kuchoma, wakaenda nyumbani. Mpaka leo wako wanaoniita Mwalimu Dhoruba, na wawili wao wamekaa pale nyuma wanacheka.

Kosa langu ndilo linalowasumbua hata watabiri wanaolipwa mshahara. Kuna vyombo vinavyolitazama jua bila kupepesa, kama SOHO kilichorushwa mwaka 1995. Wingu likiruka vinaliona, na kompyuta inakokotoa litafika lini: siku moja hadi nne, na ukikosea kwa saa kumi hakuna atakayekulaumu. Lakini picha haionyeshi mshale. Tunaona mgeni yuko njiani, tunaona ni mkubwa, hatuoni anachokuja nacho. Mshale unapimwa pale tu upepo unapopita juu ya vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, mahali ambapo mvuto wa dunia na wa jua hukiwezesha chombo kukaa kwenye mstari mmoja nasi. ACE kiko huko tangu 1997, DSCOVR kilirushwa 2015, na Septemba 2025 Marekani ilirusha kingine, SWFO-L1.

Nani ana kalamu? Gawanya kilomita 1,500,000 kwa 400. Sekunde 3,750. Ndiyo, saa moja na dakika mbili na nusu. Siku upepo unapokuja kwa kilomita 800, ni nusu saa. Muda huo ndio wote alio nao mtu anayetaka kujua kwa hakika kama mlango utafunguka. Hautoshi hata kupika maharage.

Tarehe 10 Mei 2024 ulifunguka. Ilikuwa saa mbili na dakika chache usiku kwa saa zetu mawingu ya jua yaliyofuatana yalipogonga, na katika dhoruba ile mshale ulishuka kusini hadi karibu nanotesla 50. Ilikuwa dhoruba kubwa kuliko zote kwa zaidi ya miaka ishirini. Anga jekundu, yaani ile mianga ya ncha za dunia, lilionekana hadi Mexico. Simu yangu ilijaa picha, na kijana mmoja akaniuliza kama akipanda Rwenzori ataona. Nikamjibu ataona theluji, kama bado ipo. Huko Marekani, wakulima waliokuwa wakipanda mahindi kwa trekta zinazoongozwa na setilaiti walisimamisha kazi kwa sababu mistari ya kupandia ilikuwa inapinda.

Twendeni sasa ndani ya nyumba, maana kutabiri hodi ni nusu tu ya kazi. Mlango ukifunguka, nini kinatokea kule juu ya ncha?

Kuanzia kilomita 100 kwenda juu hewa ni nyembamba, lakini ipo. Sehemu yake imevunjwavunjwa na mwanga wa jua ikawa ayoni na elektroni, yaani chembe zenye umeme. Upepo wa jua ukiingia, juu ya ncha panatokea tofauti ya umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine: makumi ya maelfu ya volti siku tulivu, zaidi ya laki moja na nusu siku ya dhoruba. Volti hizo huzisukuma chembe zenye umeme zikimbie. Hewa isiyo na umeme imesimama. Hebu fikiria mtu anayekimbia katikati ya soko la Arua siku imejaa: kila bega linamgonga. Kugongana huko ni msuguano, na msuguano ni joto. Katika dhoruba kubwa, joto linaloingia kwa njia hiyo kwenye ncha mbili hushindana na joto lote ambalo mwanga mkali wa jua huipa hewa ya juu duniani kote, na wakati mwingine hulipita.

Wanaotabiri joto hilo wako wa namna mbili. Wako watu wa kumbukumbu. Daniel Weimer, kwa mfano, alikusanya vipimo vya setilaiti ya Dynamics Explorer 2, iliyoruka juu ya ncha mwanzoni mwa miaka ya 1980, akavipanga kulingana na hali ya upepo wa siku ile. Leo unampa kasi, wingi wa chembe, ukubwa wa sumaku na upande wa mshale, naye anakurudishia ramani ya volti. Na wako watu wa hesabu, wanaoigawa hewa yote vipande vipande ndani ya kompyuta na kukokotoa kila kipande kinavyosukumwa, kinavyopata moto na kinavyopanda. Kwa kweli wa pili huazima ramani za wa kwanza, kwa hiyo ugomvi wao ni wa ndugu.

Mahali wote wanapoteleza nitawaonyesha kwa hesabu ya darasa la saba. Joto halifuati volti, linafuata mraba wa volti. Tuseme jana mahali fulani palikuwa na nguvu 2, leo 6. Mtu wa kumbukumbu anachukua wastani: 4. Mraba wa 4 ni 16, anasema joto ni 16. Lakini joto lenyewe lilikuwa 4 jana na 36 leo, na wastani wake ni 20. Kwa kulainisha tu amepoteza sehemu moja katika tano, wala hakukosea kipimo hata kimoja! Na umeme wa nchani haukai sawa hata dakika mbili. Unatikisika, unaruka, unapinda. Ramani laini huonyesha joto pungufu kuliko lile lililopo, na kwa miaka mingi watu wa kompyuta wamekuwa wakiliongeza kwa kulizidisha na namba wanayoikadiria ili majibu yakaribiane na setilaiti. Sisi walimu tukimkuta mwanafunzi anafanya hivyo tunamwita ofisini. Mimi siwalaumu, lakini nawataka mjue kwamba utabiri unaousoma kwenye simu una namba ya namna hiyo ndani yake.

Siku hizi wako pia wanaoifundisha mashine ijifunze yenyewe kutoka kwenye vipimo vya zamani. Kwa siku za kawaida inafanya vizuri, pengine kutupita. Lakini dhoruba kubwa ni chache mno. Mashine iliyokua ikiona mvua za rasharasha tutaiaminije itupimie gharika?

Hewa iliyopata joto hutanuka, na ikitanuka hupanda. Mahali palipokuwa na hewa kidogo panakuwa na hewa maradufu au zaidi, na setilaiti iliyokuwa ikiteleza inajikuta inasukuma uji. Tarehe 3 Februari 2022 setilaiti 49 za intaneti za Starlink zilirushwa na kuachwa kwanza kwenye kilomita 210, zijipime kabla ya kupanda. Kukatokea dhoruba ambayo mimi nisingeiitia hata mwanafunzi mmoja: ndogo, ya kawaida. Hewa pale chini ikawa nzito hadi nusu zaidi ya ilivyozoeleka. Takriban 40 hazikuweza kupanda, zikarudi na kuungua angani. Mlango ulikuwa wazi kidogo tu, kwa muda mrefu.

Msiseme hayo ni ya matajiri. Uganda ilikuwa na setilaiti yake, PearlAfricaSat-1, kijisanduku cha sentimita kumi kilichojengwa na vijana wetu watatu huko Japani. Kilirushwa Novemba 2022 na kuachiwa mwezi uliofuata kutoka kituo cha kimataifa cha anga, kwenye kilomita 400 na kidogo. Kijisanduku cha namna hiyo hakina injini. Tangu siku kilipoachiwa, hewa ya juu ndiyo iliyokuwa ikihesabu siku zake, na kilizaliwa wakati jua linaelekea kilele cha mzunguko wake wa miaka kumi na mmoja. Joto lililoingizwa nchani lilikuwa linamnyonga mtoto wetu kidogo kidogo. Tukijenga kingine, na naamini tutajenga, mwenye kuamua kitakaa juu miezi mingapi atahitaji kujua habari za nchani kuliko habari za Kampala.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha, nanyi kina mama mtalielewa haraka. Maziwa yakichemka sana yakafurika, huzima moto wa sigiri. Hewa ya juu hufanya hivyo hivyo. Chembe zinazonyesha nchani wakati wa dhoruba huvunja nitrojeni, ikaungana na oksijeni, ikawa oksidi ya nitrojeni, ambayo kazi yake kule juu ni kutupa joto angani. Dhoruba kali zaidi, oksidi nyingi zaidi, na baridi ya kesho yake kali zaidi. Setilaiti ya TIMED, iliyorushwa 2001, imelipima hilo mara nyingi. Baadhi ya dhoruba huiacha hewa ikiwa baridi kuliko ilivyokuwa kabla. Anayetabiri akisahau maziwa yanayofurika, siku ya kwanza atapatia, siku ya pili ataona setilaiti haziko pale alipozisemea.

Haya, mwenyeji wangu, bado upo? Jibu lako limefika.

Hewa ikipigwa joto ghafla nchani, hutoa wimbi, kama jiwe likianguka kwenye Nile. Tuseme linakwenda mita 700 kwa sekunde. Kutoka kwenye ukanda wa mianga ya kaskazini hadi ikweta ni kilomita kama 7,800, yaani saa tatu na dakika chache. Wimbi linatoka juu ya Norwe, na basi letu la Kampala halijavuka daraja la Karuma, wimbi limeshafika juu ya vichwa vyetu. La kusini nalo linakuja upande wake, yakutane hapa. Hiyo ni hewa. Umeme hausubiri wimbi: volti za nchani zikiruka, sehemu yake hupenya hadi ikweta ndani ya dakika.

Na sisi tuko mahali pa ajabu. Ikweta ile ya Kayabwe, wanapowazungushia watalii maji kwenye beseni (ni mchezo, wazazi, msitoe pesa), ni ya jiografia. Ikweta ya sumaku iko kaskazini yetu, inapita Sudan Kusini na Ethiopia. Kando kando yake, jua likishazama, ayonosfia, yaani ile hewa ya juu yenye chembe za umeme, hupanda na kutoboka mapovu, na mawimbi ya setilaiti yakipita kwenye mapovu hayo hutetemeka kama mwanga wa taa juu ya maji. Umeme unaotoka nchani unaweza kuyaongeza mapovu hayo au kuyazima kabisa, kutegemea saa uliyotukuta. Ndiyo maana Mbarara kuna kipokezi kinachosikiliza setilaiti za kuonyesha mahali, kama za GPS, mchana na usiku, na vipimo vyake husomwa na watu ambao hawajawahi kuonja matoke.

Mzee mmoja hapa mbele ameniandikia swali: je, hakuna utabiri rahisi? Upo, mzee, nao unafanana na siku za gulio. Jua hujizungusha, na tukilitazama kutoka hapa huchukua siku 27. Korona ina matundu ambayo upepo wa kasi hutokea humo, na tundu likidumu, upepo wake hurudi baada ya siku 27. Ukiandika kwenye kalenda kwamba leo ulikuwa mkali, hesabu 27, utapatia mara nyingi. Tena dhoruba hupenda Machi na Septemba, kwa jinsi dunia inavyokaa mbele ya jua miezi hiyo. Hapa kwetu miezi hiyo mvua nayo iko jirani, lakini hayo mawili hayajuani. Nisije nikasikia kesho sokoni kwamba Mwalimu Dhoruba amesema mvua inaletwa na sumaku.

Chai naona iko tayari. Anayetaka kuuona mshale aje hapa, simu yangu ina chaji kidogo. Nilipoangalia kabla ya kusimama ulikuwa unaelekea kaskazini. Msisukumane.